Kwa nini sikuonekana harusini kwako

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Najua umeninunia, na una haki. Sare nilishashona, halafu sikuonekana na simu sikupokea. Haikuwa homa kama nilivyomtuma mdogo wangu akwambie.

Jumatano ya wiki ya harusi yako niliamka alfajiri nikatawadhe. Maji ya kusukutua yakachuruzika pembeni mwa mdomo, kushoto, yakanilowesha kanga. Nikaenda kwenye kioo nikajaribu kutabasamu: upande mmoja ukapanda, wa pili ukabaki umelala. Jicho la kushoto halifumbi. Usiku uliotangulia sikio lilikuwa likiniuma kwa nyuma, nikapuuza.

Nina miaka 24, Mwanaidi, na nilidhani ni kiharusi. Bibi akasema nimepigwa na upepo mbaya, akataka nikazinguliwe kwanza. Mama alikataa, tukaenda hospitali asubuhi ileile. Sitamsahau kwa hilo, maana dawa ya ugonjwa niliokutwa nao, vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe, inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu dalili zianze.

Daktari aliniambia nikunje paji la uso. Upande wa kushoto haukukunjika hata kidogo. Akasema kiharusi kwa kawaida huliacha paji likicheza, kwa kuwa linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Likilala pamoja na mdomo, basi ni neva ya uso yenyewe, yaani mshipa wa fahamu wa uso, imevimba na kubanwa ndani ya mfupa nyuma ya sikio. Wanauita ugonjwa wa Bell. Akanichungulia sikioni kama kuna malengelenge, maana kirusi cha tetekuwanga nacho hupoozesha uso. Ndicho kilichompata mwimbaji Justin Bieber mwaka 2022.

Vidonge si kitu, jicho ndilo lililonitesa. Mchana matone, usiku mama ananifumba kope kwa kidole na kulibandika plasta taratibu lisikauke. Chai nilikunywa kwa mrija. Nikisema “baba” inatoka “fafa”.

Basi ningekujaje? Niliona aibu, nikaogopa picha zako zisinibebe hivyo milele. Nilikosea kukuficha wewe.

Wiki ya tatu shavu lilitikisika, nikapiga kelele hadi jirani akaja. Sasa ni ya saba: jicho linafumba, mdomo unapinda kidogo tu nikichoka. Daktari anasema wengi hupona kabisa.

Sare yangu ipo kabatini. Nitaivaa nikija kwako mwezi ujao, tupige picha yetu wawili.

Wako,
Rehema