Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: bei ibandikwe pale mgeni anaposhuka

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: UTAPELI KWA WAGENI MASIKA YANAPOKATIKA

Salaam. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni maeneo ya Kisutu. Nakuandikia kuhusu wiki zile za kati ya mwisho wa Mei na kuanza kwa Sabasaba: mvua zimekatika, joto limepungua, hoteli zimeshusha bei, na wale wageni wengi wa Julai na Agosti bado hawajaingia. Kwa mtu anayetaka kuliona jiji letu kwa gharama nafuu, huo ni wakati mzuri sana. Lakini kwa ninavyoona mimi kutoka kaunta, ndio wakati wageni wanaumizwa zaidi.

Mgeni wa Agosti mara nyingi amepangiwa safari na kampuni. Anapokelewa uwanja wa ndege na mtu aliyeshika kibao chenye jina lake, analazwa, kesho yake anapelekwa bandarini au mbugani. Mgeni wa Juni huja kivyake. Amepata tiketi ya ndege ya bei ya chini, amelipia usiku wa kwanza tu, na mengine anayaamua asubuhi akiwa anakunywa chai. Anatembea peke yake na mkoba wake mgongoni. Upande wa pili wapo vijana wa mjini waliotoka kwenye miezi ya mvua bila kipato, kwa hiyo mgeni mmoja anagombaniwa na watu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi. Msimu huo punguzo ni la kweli. Sisi wenyewe tunashusha bei ya vyumba, na madereva wanakubali nauli ambayo Agosti wangeikataa. Kwa hiyo tapeli akimwambia mgeni, "Wageni hakuna sasa hivi, bei imeshuka, lipa hapahapa nikusaidie," mgeni hana sababu ya kushtuka. Uongo huo umevaa nguo za ukweli. Ushauri wa kawaida, kwamba bei ikiwa ndogo mno ujihadhari, haumsaidii mtu aliyekuja wakati ambao kila bei ni ndogo.

Chukua mfano wa bandarini, kwenye boti za Zanzibar, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Teksi haijasimama vizuri, milango imeshafunguliwa na watu wasiojulikana na mzigo umeshapokelewa. Anayeubeba anaongoza njia, lakini haelekei dirisha la kampuni ya boti. Anaelekea kwenye meza au kiofisi cha pembeni, ambako kuna mtu mwenye kitabu cha risiti na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Mgeni anaambiwa boti ya saa tatu imejaa, zimebaki nafasi mbili, na kwa kuwa ni msimu wa chini atapewa kwa nafuu. Anachopewa mara nyingi ni tiketi halisi, ila ya mkazi, ambayo nauli yake ni ndogo kuliko ya mgeni. Tofauti inaingia mfukoni mwa kishoka. Getini anaulizwa pasipoti, tiketi inakataliwa, na boti inakaribia kuondoka. Analipa mara ya pili akiwa na hasira, tena anaondoka akiamini kwamba kampuni na bandari nzima ni wezi.

Usidhani ni Wazungu tu, Mheshimiwa. Mgeni aliyeniuma moyo kuliko wote mwaka jana alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, amekuja kununua vitenge Kariakoo na akaona ajipumzishe Unguja siku mbili. Kiswahili anakijua vizuri, cha Kongo. Kwa lafudhi yake tu wale vijana wakajua ni mgeni, na kwa kuwa lugha ni moja akawaamini upesi. Aliporudi kuchukua mizigo alituuliza, "Munatuitaka ndugu, na munatufanyia hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

La pili ni zito zaidi, maana hapo mtu anaweza kupoteza zaidi ya fedha. Mgeni yuko Posta au barabara ya ufukweni, anasalimiwa na kijana mchangamfu: "Mambo! Umenisahau? Mimi nipo jikoni pale hotelini kwako." Wanatembea pamoja kidogo, wanaongea mpira. Mara linakuja gari la "rafiki," anapewa lifti kwa sababu ya jua. Ndani wanaongezeka watu wawili. Kuanzia hapo anazungushwa kwenye mashine za kutolea fedha mpaka kadi ifike kikomo, kisha anaachwa pembezoni mwa jiji bila simu. Serikali ya Uingereza imewahi kuwaonya raia wake juu ya wizi wa namna hii katika ushauri wake wa safari za Tanzania, kwa hiyo sifa hii imeshavuka bahari. Wageni wangu nawaambia hivi: mfanyakazi wa hoteli hataudhika ukimwomba mwongozane mpaka hotelini akutajie jina lake mbele yetu. Usipande gari lenye mtu mwingine ndani zaidi ya dereva. Ukiita usafiri kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari na ile iliyoandikwa kwenye simu kabla ya kugusa mlango. Dereva akikuomba uikatishe safari kwenye programu ili mpatane pembeni, kataa, maana ukishaikatisha hakuna kumbukumbu kwamba ulikuwa naye.

Lipo la polisi wa uongo. Mgeni kapiga picha karibu na Ikulu, au hakupiga kabisa, anasimamishwa na watu waliovaa kiraia, wanamtaka pasipoti na "faini" ya papo hapo. Hapa nchi yetu ina kinga nzuri ambayo wageni hawaijui. Malipo ya serikali hupitia kumbukumbu namba ya malipo, yenye tarakimu 12, inayoanza na 99, na inalipwa benki au kwa simu. Mgeni akijua jambo hilo moja tu, atasema kwa heshima, "Nipe namba ya malipo, au twende Kituo cha Kati." Kituo chenyewe kiko Barabara ya Sokoine, si mbali. Mtu mwenye mamlaka ya kweli hatakataa, na tapeli atapata safari ya ghafla.

Fedha za kigeni sitazisemea sana. Kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini bado mgeni anatajiwa dola na dereva wa teksi. Aulize shilingi. Abadilishe benki au kwenye duka lenye leseni, asibadilishe na mtu wa kando ya barabara, ambaye noti zake zinahesabiwa vizuri na kukunjwa vibaya. Kariakoo nako, simu ikishakaguliwa isitoke mkononi "kwenda kufungwa vizuri," kwa sababu wapo waliofika chumbani na kukuta kipande cha sabuni.

Nisieleweke vibaya. Kupatana bei si utapeli. Mchonga vinyago wa Mwenge anayeanza juu na kushuka anafanya biashara kama walivyofanya wazee wake, na mgeni aliyelipa zaidi kidogo kwa kinyago alichokipenda hajaibiwa. Wala si kila kijana anayekimbilia teksi bandarini ni mwizi. Nawafahamu wanaobeba mizigo kwa uaminifu, na wanaumia kuliko mimi, kwa sababu mgeni aliyetapeliwa asubuhi hamwamini yeyote mchana. Kwa hiyo ombi langu si operesheni ya mgambo ya kuwafukuza watu kwa wiki moja. Wakifukuzwa, hurudi, na waaminifu ndio hupoteza siku zao za kazi.

Ninaloomba ni dogo. Mahali mgeni anapotia mguu kwa mara ya kwanza, yaani uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, geti la boti za Zanzibar, kituo cha mwendokasi Kivukoni na Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, libandikwe bango kubwa lenye bei halali za siku hiyo kwa shilingi: nauli ya boti ya mkazi na ya mgeni, makadirio ya teksi kwenda Posta, Masaki na Mbezi, na malipo ya kubebewa mzigo. Liandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Chini yake yaandikwe maneno machache kuhusu namba ya malipo ya serikali, pamoja na namba ya dharura 112. Bei zikibadilika kwa msimu, bango libadilishwe, maana bango la Desemba likiachwa mpaka Juni litakuwa silaha nyingine mkononi mwa tapeli.

Wabeba mizigo wa bandarini waandikishwe, wapewe vizibao vyenye namba kubwa mgongoni, ili mgeni akija kulalamika aseme "namba 14" badala ya "kijana mmoja mrefu." Arusha kuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia ambacho mgeni anakijua na anakwenda bila woga. Mfano huo uletwe pale bandarini, hata kama ni meza moja yenye askari anayezungumza lugha mbili, kuanzia boti ya kwanza hadi ya mwisho. Mgeni aliyeibiwa saa mbili asubuhi akiwa na ndege jioni hawezi kuzunguka vituo kutafuta karatasi ya taarifa ya upotevu. Mara nyingi huacha, na tukio halimo kwenye daftari lolote.

Naomba jambo hili lifanyike haraka kwa sababu moja. Septemba 2023 tulipewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Mashabiki watakaokuja wengi watakuwa kama yule mama wa Bukavu: Waafrika wenzetu, wenye bajeti ndogo, waliokuja bila kampuni ya kuwapokea. Tukingoja mpaka wafike, tutakuwa tunajifunza kwa mifuko yao. Juni ya kawaida, yenye wageni wachache, ndiyo nafasi ya kujaribu, kukosea na kurekebisha.

Mheshimiwa, wenye nyumba za wageni wa Kisutu na mitaa ya jirani niliozungumza nao wako tayari kuchangia gharama ya bango la kwanza, na mimi niko tayari kukaa na maofisa wako kuorodhesha bei, baada ya zamu au siku yangu ya mapumziko. Tunaomba liwe limesimama pale getini kabla ya Sabasaba.

Wako katika ujenzi wa jiji,

Mhudumu wa mapokezi, Kisutu, Dar es Salaam