Tukitaka majumba ya sinema yarudi, tuanzie paani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ufufuaji wa majumba ya zamani ya sinema, jambo linalotamaniwa na wengi na kufanywa kwa mpangilio na wachache.

Hamu yenyewe inaeleweka. Ukumbi wa viti 800 usio na nguzo katikati, sakafu inayoteremka taratibu kuelekea jukwaani, pazia la mahameli linalofunguka huku taa zikififia: hakuna televisheni ya sebuleni itakayoleta hayo. Tatizo ni kwamba karibu kila harambee ya kuliokoa jumba la aina hii hutangazwa kwa picha za taa za mbele zikiwaka na viti vyekundu vipya. Fedha za kwanza zikiishia kwenye taa na viti, miaka michache baadaye viti vile vitakuwa vimeota ukungu. Kinachoua kumbi hizi ni maji, na maji hayaingilii mlangoni.

Ukuta wa mbele wa sinema za zamani ulipandishwa juu kuliko paa ili jina la jumba lionekane kutoka mbali. Nyuma ya ukuta huo pana mfereji ambao mtu aliyesimama barabarani hauoni. Majani, vumbi na kinyesi cha njiwa huuziba, maji hupanda hadi chini ya mabati au vigae, kisha huteremka kwenye ncha za vyuma vya kenchi, pale vilipochomekwa ukutani. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo ukuta hupasuka kutoka ndani. Ukiona nyufa zimejipanga kwa umbali sawa juu ya ukuta wa pembeni, na madoa ya kahawia chini yake, usimwite mpaka rangi. Mwite mhandisi.

Dari ndiyo sehemu ninayoihofia zaidi. Mapambo mengi ya dari za sinema si zege. Ni vipande vya plasta iliyotiwa kitambaa cha juti (kama cha gunia), vilivyoning'inizwa kwenye mbao kwa vifundo vya kitambaa hichohicho kilicholoweshwa plasta. Kwa miaka mingi, na hasa panapovuja, juti huoza huku uso wa chini ukibaki mzuri wa kupigiwa picha. Tarehe 19 Desemba 2013 sehemu ya dari ya Apollo Theatre ya London, jumba lililofunguliwa mwaka 1901, iliwaangukia watazamaji katikati ya onyesho, na watu zaidi ya 70 wakaumia. Ile ilikuwa tamthilia, si filamu, lakini dari za sinema zilijengwa kwa ufundi huohuo. Kuzikagua ni kupanda darini na tochi, kutembea juu ya mbao zilizolazwa kwenye kenchi (kamwe usikanyage plasta yenyewe), na kugusa vifundo kimoja kimoja. Kinachomomonyoka vidoleni kinahitaji kusaidiwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Kupuliza rangi kutoka chini kunaongeza uzito tu.

Kabla ya kutoboa popote, ukuta na dari vipimwe asibesto, nyuzi za madini zisizoshika moto ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Ilipendwa sana kwenye chumba cha projekta, kwenye mapazia ya usalama, hata kwenye nyaya za taa za mtambo, na vumbi lake likishatimuliwa ndani ya ukumbi uliofungwa, kulisafisha kunaweza kula bajeti nzima. Kuta za matofali zilizojengwa kwa chokaa zipigwe plasta ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, ikavimba na kubanduka, halafu fundi akalaumiwa bure. Nyaya za umeme zenye ganda la mpira zitolewe zote bila huruma. Mpira huo hukauka na kukatika kama biskuti ukiukunja.

Hapo ndipo tuingie ukumbini. Watu hudhani sauti mbovu ni kosa la spika. Mara nyingi ni kosa la viti. Kiti chenye sponji na kitambaa hunyonya sauti karibu kama mtu aliyekikalia, kwa hiyo ukumbi husikika vilevile ukijaa au ukiwa nusu. Ukiweka viti vya plastiki kwa kubana matumizi, mwangwi unaongezeka na maneno ya waigizaji yanaingiliana. Kosa la pili liko kwenye skrini. Skrini ya sinema ina matundu madogo kwa maelfu, yenye kipenyo cha milimita moja na kidogo, ili sauti ya spika zilizo nyuma ipenye. Kila mara hutokea mtu mwenye nia njema akaipaka rangi nyeupe ya ukutani kwa sababu imefifia. Matundu yanaziba, sauti nyembamba kama herufi s zinapotea, na nuru inaakisiwa kwa mabaka. Skrini iliyofifia haipakwi rangi, inabadilishwa. Kwa projekta ya kidijitali, kipimo cha nuru katikati ya skrini ni kandela (kizio cha mwangaza) 48 kwa mita ya mraba. Aliyeuziwa mtambo bila kupimiwa nuru ameuziwa sanduku.

Upana nao una historia yake. Kumbi za kabla ya 1953 zilijengwa kwa picha ya uwiano wa 1.37 kwa 1 hivi, yaani upana kwa kimo. Mwaka huo CinemaScope ilipokuja na picha pana, tao la jukwaa lililotosha jana likawa jembamba. Chukua tao la mita 9: picha ya zamani inapata kimo cha mita 6.6, lakini picha pana ya 2.39 inabaki na mita 3.8, na aliye nyuma kabisa anatazama utepe. Wenye kumbi wengi waliamua kusimamisha skrini pana mbele ya tao, matao mengine wakayavunja. Kwa hiyo usikate tamaa ukikuta ukuta mtupu wa mbao. Chungulia nyuma yake kwanza, huenda tao la asili bado limesimama na rangi yake. Rangi hiyo usiikwangue yote. Kwangua ngazi ndogo ndogo, tabaka moja baada ya jingine, upige picha na kuandika, ndipo uchague ni enzi ipi unairudisha.

Sasa chumba cha projekta, kinachogeuzwa stoo kabla ya vyote. Kuta zake nene na vifuniko vya chuma kwenye madirisha yake madogo havikuwa urembo. Mwaka 1897 moto wa Bazar de la Charité, soko la hisani mjini Paris, ulioanzia kwenye mvuke wa etha (kimiminika kinachowaka upesi) wa taa ya projekta, uliua watu 126, na filamu za nitrati zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ziliwaka hata chini ya maji. Vifuniko vile vilining'inia kwenye viungo vinavyoyeyuka kwa joto, vikajifunga vyenyewe. Viacheni.

Projekta za milimita 35 zilizobaki humo si chuma chakavu. Filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika, hivyo rili ya futi 2,000 humalizika kwa dakika 22 hivi. Ndiyo maana mitambo ilikuwa miwili, na fundi akasubiri alama ya duara kwenye kona ya juu kulia: ya kwanza sekunde 8 hivi kabla ya mwisho, awashe mota ya mtambo wa pili, ya pili sekunde moja kabla, abadilishe. Kiini cha mtambo ni gurudumu la msalaba wa Malta linaloivuta filamu na kuisimamisha, likiwa ndani ya mafuta. Mtambo uliokaa miaka 20 bila kazi mafuta yake yamekuwa gundi. Anayechomeka umeme kuona kama bado unazunguka hukata pini, na vipuri vyake havipatikani kirahisi. Kwanza osha, weka mafuta mapya, uzungushe kwa mkono raundi kadhaa. Na unapopitisha filamu, hesabu fremu za kitanzi cha chini, ile filamu iliyolegezwa kati ya dirisha la picha na kisoma sauti: sauti imechapwa fremu 20 hivi mbele ya picha yake, kitanzi kikizidi au kikipungua midomo na maneno vinaachana.

Tunza pia vile vipande vidogo vya chuma vyenye dirisha nyuma ya lenzi, pale filamu inapopita. Chumba kikiwa juu sana nyuma ya roshani, picha huanguka skrini ikiwa imepanuka chini, na fundi wa zamani alivinoa kwa tupa hadi kingo zikanyooka. Kimoja kinafaa ukumbi mmoja tu duniani, na ndicho hutupwa jalalani kwanza.

Je, tupinge dijitali? La. Filamu mpya nyingi huja kama mafaili yaliyofungwa kwa ufunguo wa muda maalumu, na jumba lisiloweza kuyaonyesha halitajilipia umeme. Ila projekta ya kidijitali inataka chumba kisicho na vumbi, kiyoyozi, na betri ya kuilinda umeme unapokatika, maana taa ikizimika ghafla bila feni kuendelea kupooza, vifaa vya ndani vinaungua. Tena elektroniki zake huzeeka upesi kuliko mtambo wa chuma uliotumika nusu karne. Wekeni mmoja mpya na mmoja wa milimita 35, bega kwa bega. Filamu za zamani zenyewe zinusweni: harufu ya siki maana yake filamu ya asetati (plastiki iliyochukua nafasi ya nitrati) imeanza kuoza, itengwe na nyingine. Ikishasinyaa zaidi ya asilimia 1, matundu yake hayakai tena kwenye meno ya mtambo.

Kwenye mapato tusidanganyane. Safu za zamani ziliachana sentimita 85 hivi; mtazamaji wa leo anataka mita moja na zaidi. Ukitanua hadi sentimita 105, viti 800 vinabaki karibu 650. Kuigawa roshani iwe ukumbi mdogo wa pili kunasaidia, mradi ukuta wa kugawa uwe mwepesi, usishikane na plasta ya asili, na uweze kutolewa. Kubakiza ukuta wa mbele peke yake na kujenga maduka nyuma si ufufuaji, hata kama kibao cha jina kitang'arishwa.

Mwenye jumba asiye na fedha leo bado ana ya kufanya kabla ya mvua. Azibue mifereji ya paa na kufunika palipotoboka kwa turubai iliyofungwa barabara. Aweke wavu kwenye matundu ya njiwa bila kuziba hewa, kwa sababu ukumbi usiopumua huota ukungu hata paa likiwa zima. Umeme wa zamani ukatwe kwenye mita. Michoro na madaftari ya mtambo yapigwe picha. Na kama taa ya projekta ni ya gesi ya zenoni, asimruhusu mnunuzi wa vyuma kuifungua: balbu ile ina shinikizo kubwa hata ikiwa baridi, na ikipasuka hurusha vigae usoni. Itolewe na fundi aliyevaa kinga ya uso, glavu na koti zito, iingizwe moja kwa moja kwenye ganda lake la kinga.

Fundi wa mitambo ya sinema
(jina limehifadhiwa)