Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo Tanzania

YAH: PAKITI ZA KILO MOJA ZISIZOFIKA KILO

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Nina duka la rejareja mkoani Morogoro. Mizani yangu huhakikiwa, hubandikwa stika, nami nalipia bila ubishi. Ninalolalamikia ni pakiti zinazonifikia zikiwa zimeshafungwa. Kuna sembe imeandikwa kilo 1. Ukitoa uzito wa mfuko, mizani inasoma gramu 960. Mteja akigundua, anayeitwa mwizi ni mimi, si mwenye kiwanda.

Wafungashaji wana utetezi wao: unga hukauka, na ukikauka hupungua. Kweli, lakini upungufu una kikomo. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linavumilia pakiti ya kilo 1 kupungua hadi gramu 15. Zinazovuka hapo ziwe chache sana, isiwepo hata moja iliyopungua zaidi ya gramu 30, na wastani wa shehena usishuke chini ya uzito ulioandikwa. Kwa hiyo gramu 960 tusiambiwe ni ukavu. Anayeuza pakiti 10,000 za namna hiyo amebaki na kilo 400 za unga ambazo wateja wameshazilipia.

Sheria ipo, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ni ya tangu 1982. Shida yangu inaanzia pale mtu anapokamatwa, akakiri, kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa kwa kulipa faini bila kufika mahakamani. Kufifilisha sikupingi, maana kesi mahakamani huchukua muda. Lakini faini ikilipwa kimyakimya, mimi niliye dukani nitajuaje unga wa nani niurudishe? Kwa mwenye kiwanda kikubwa faini ya siri ni gharama tu ya biashara, kama umeme. Anachokiogopa ni jina lake kusomwa redioni.

Naomba kila kosa linapofifilishwa mtangaze jina la bidhaa, mfungashaji na namba ya bachi, na mzigo huo uondolewe sokoni. Tena ukaguzi uanzie kiwandani, pakiti zinapotoka kwenye mashine. Kumkamata mwenye duka aliyeletewa katoni iliyofungwa ni rahisi mno, na hakumgusi aliyepunja.

Kuhusu lebo, najua mtasema ni kazi ya TBS, shirika la viwango, iliyopokea masuala ya chakula kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019. Sawa. Ila mkaguzi wenu akishika mfuko wa mchele ulioandikwa “Kyela”, wilaya inayosifika kwa mchele, lakini usio na jina la aliyefungasha wala tarehe, asiurudishe kwenye rafu eti kwa kuwa uzito umetimia. Awaite wenzake wa TBS hapohapo.

Nimetenga pakiti kadhaa za sembe hiyo ambazo hazijafunguliwa, pamoja na risiti za jumla. Ofisi yenu ya mkoa ikizihitaji, nitazikabidhi kwa maandishi.

Wenu,
Muuza duka, Morogoro