Kwa wajukuu zangu mliojiandikisha klabu tano

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, nanyi pokeeni marahaba yangu. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa pia mlezi wa klabu ya midahalo, kazi ambayo aghalabu huangukia mwalimu aliyechelewa kufika kwenye kikao cha kugawana majukumu. Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha pili juzi juzi, aliniletea daftari alimokuwa akiandika mambo ya klabu zake tangu wiki ya kwanza ya mwaka hadi ya mwisho. Nimelisoma mara mbili. Nilimwomba ruhusa niwasimulie, akakubali kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na habari ya igizo niipite haraka.

Ukurasa wa kwanza una orodha ya klabu tano: midahalo, riadha, huduma ya kwanza, maigizo na sataranji. Chini yake, kwa wino mwekundu, kaandika: "Mwaka huu nitajulikana." Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka ni wangapi kati yenu wanaoingia klabu na neno hilohilo moyoni, nikaacha kucheka.

Ndani ya mwezi mmodi kila jioni yake ilikuwa na pa kwenda, na jioni mbili zilikuwa na pawili. Mazoezi ya mbio za vijiti yalimalizika wakati igizo limeshaanza, kwa hiyo akawa anaingia ukumbini anahema, mistari yake haijui. (Igizo nimelipita haraka kama nilivyoahidi. Niseme tu kwamba alikuwa na sentensi moja ya kusema, na aliisema katika onyesho la pili badala ya la nne.) Kazi za shuleni akazisogeza usiku. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Yeye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa akipata 6. Akaanza kusinzia kipindi cha hisabati, alama zikaporomoka, na mama yake akatangaza kwamba klabu zote zimefutwa.

Hapo nikaitwa kuamua kesi. Nadhani binti alitegemea nimtetee. Nilimwambia achague mbili, tatu zilizobaki aende kuaga kwa adabu, na hizo mbili akae nazo hadi siku ya mwisho ya mwaka hata zikimchosha. Hasa zikimchosha. Nanyi nawaambia vivyo hivyo.

Mwezi wa kwanza wa klabu yoyote ni sherehe. Ukumbi unajaa, viongozi wanachaguliwa kwa vigelegele, kila mtu ana wazo. Mwezi wa mwisho nao una mashindano, picha na vyeti. Katikati kuna miezi ambayo hakuna anayeihadithia: mnabaki watu tisa katika chumba chenye viti sitini, mada mmeirudia mara ya tatu, mlezi anatazama saa yake mkidhani hamumwoni. Wengi huondoka wakati huo, tena bila kuaga. Katika daftari la mjukuu wangu, kurasa za miezi hiyo ndizo zenye mambo. Za mwanzo zimejaa alama za mshangao na za mwisho zimejaa majina ya waliopiga picha.

Alichagua midahalo na riadha. Huduma ya kwanza aliiacha, na katika hilo alikosea, nami nilimwambia. Alikuwa amebakiza wiki chache kumaliza sehemu ya msingi. Alikwisha jifunza kumbonyeza kifua mtu mzima ambaye moyo umesimama: katikati ya kifua, kushuka sentimita 5 lakini zisizidi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwa aliyefundishwa, pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Alijifunza pia kwamba baada ya dakika 2 hivi mikono inachoka, mibonyezo inapungua kina bila wewe kutambua, kwa hiyo mwenzako anapokea. Sataranji unaweza kuiacha katikati na hakuna atakayedhurika. Hii, ukiianza, fika kwanza mahali ambapo unaweza kumfaa mtu.

Sasa midahalo, ambayo naijua zaidi, kwa hiyo nivumilieni.

Klabu yao hufuata utaratibu wa mashindano ya dunia ya shule za sekondari, yale yaliyoanza Australia mwaka 1988. Kila upande una wasemaji watatu, kila mmoja dakika 8, kisha kila upande unatoa hotuba ya kufunga ya dakika 4. Mpinzani anaruhusiwa kusimama na kukuomba nafasi ya kuuliza, isipokuwa katika dakika yako ya kwanza na ya mwisho. Kumpa au kumnyima ni hiari yako. Mjukuu wangu alipangwa msemaji wa kwanza wa upande unaopinga. Aliandika hotuba nyumbani, akaikariri mbele ya kioo, na siku ilipofika akaimaliza yote kwa dakika mbili na nusu, maana woga humkimbiza mtu. Zikabaki dakika tano na nusu. Angeweza kushukuru akaketi. Hakujua kwamba inaruhusiwa. Alisimama pale, ameshika karatasi, huku mtunza muda akimtazama naye akimtazama mtunza muda.

Usiku ule aliandika mstari mmoja tu: "Sirudi tena."

Alirudi kwa sababu ya sharti letu, akaenda kukaa nyuma kabisa. Wiki iliyofuata katibu wa klabu alijitoa, mwenyekiti akauliza nani atachukua nafasi, na kimya kilipozidi macho yote yakaenda kwa yule aliyeketi karibu na kabati la makaratasi. Hivyo ndivyo makatibu wengi hupatikana.

Kazi ile haina makofi. Unahesabu waliohudhuria ili kujua kama akidi, yaani idadi inayotosha kufanya kikao, imetimia. Unasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, zinasahihishwa, zinathibitishwa. Kisha unafika kwenye yatokanayo, na hapo ndipo viongozi hukuchukia, kwa sababu unamuuliza mbele ya watu yule aliyeahidi kuleta barua kama barua imekuja. Wakati wa mjadala huna nafasi ya kusema, unaandika. Na kama unaandika kwa haki, inakubidi uandike alichosema mtu, hata kama ungependa angekuwa amesema kitu kingine kilicho rahisi kumcheka. Mara mbili mjukuu wangu alisahihishwa kikaoni: "Katibu, sikusema hivyo." Akafuta, akaandika upya, akaona kweli hakusema hivyo.

Fanya hivyo wiki kumi na mbili mfululizo, uone. Alipopangwa tena kuzungumza, muhula wa pili, hakwenda na hotuba ya kukariri. Alikwenda na karatasi iliyokunjwa katikati. Kushoto hoja za wapinzani kwa maneno yao wenyewe, kulia majibu yake. Alianza kwa kurudia hoja kubwa ya upande wa pili vizuri kuliko walivyoisema wao, kisha akaonyesha ilipochanika. Mimi nilikuwepo siku ile. Wapinzani waliitikia kwa vichwa kabla ya kukumbuka kwamba wanashambuliwa. Dakika 8 hazikumtosha. Tangu ile siku ya aibu hakuwa amefanya zoezi lolote la kuzungumza. Kusikiliza ndiko alikokuwa akijifunza, kwenye kazi ambayo wenzake waliikimbia.

Nina deni katika habari hii, niliseme. Katika miaka yangu ya ulezi nilikuwa na wasemaji watatu hodari, na kila mashindano nilipeleka haohao. Tulirudi na vikombe, nami nilisifiwa. Nyuma ya chumba alikuwepo kijana mmoja aliyepanga viti kabla ya kila kikao na kufuta ubao baada yake, miaka mitatu. Nilimpenda kwa sababu hakunisumbua. Miaka mingi baadaye tulikutana njiani, mtu mzima, tukasalimiana, akaniambia akicheka kwamba karibu kila wiki alikuwa na hotuba mfukoni, akisubiri niulize kama kuna mwingine. Sikuuliza. Walezi mnaochungulia barua hii ya watoto, hilo ni lenu. Nanyi wajukuu, kama mlezi wenu ni kama nilivyokuwa mimi, nyoosheni mkono msingoje kuulizwa, kwa sababu wazee tunaona mbele tu.

Riadha nitaieleza kwa tukio moja. Mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Yeye ndiye mkimbiaji wa tatu, wanaongoza, anafika kwa wa mwisho, kijiti kinagusa vidole vya mwenzake na kuanguka. Timu zote zikapita. Kabla hawajafika kwenye nyasi walikuwa wameshaanza kugombana ni nani aliyeangusha.

Kanuni za mchezo zina jibu, na mwalimu wao wa michezo aliwapa palepale: kupokezana hakujakamilika mpaka kijiti kiwe mkononi mwa mpokeaji peke yake, kwa hiyo kikianguka kabla ya hapo anayepaswa kukiokota ni aliyekuwa akikitoa. Mjukuu wangu hakuipenda kanuni hiyo. Katika daftari ameiandika kisha akaikata kwa mstari mzito, kisha akaiandika tena. Akumbuke tu kwamba katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, timu ya wanaume ya Marekani na ile ya wanawake ziliangusha kijiti katika mbio hizohizo, siku moja. Wale walikuwa na kila kitu ambacho pesa na vipaji vinaweza kuleta.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kuomba msamaha, na hakwenda kudai kuombwa. Alikwenda kwa yule msichana wa mwisho na chaki. Katika mbio hizi mpokeaji haangalii nyuma. Anaanza kukimbia pale mwenzake anapovuka alama iliyowekwa chini, kisha ananyoosha mkono nyuma na kuamini. Alama yao ilikuwa karibu mno, kwa hiyo mpokeaji alichelewa kuondoka na mtoaji akamvamia. Wakaisogeza nyuma nyayo mbili, wakajaribu. Nyayo moja zaidi, wakajaribu. Wiki tatu za jioni, watu wawili na chaki. Anasema hawakuwahi kuongea kuhusu lile anguko, mpaka leo. Kama mna ugomvi na mwenzenu wa klabu, na pengine mtakuwa nao kabla mwaka haujafika katikati, tafuteni kwanza alama ya chini iliyowekwa vibaya.

Mambo madogo mawili, maana barua inarefuka. Ukishika fedha za klabu, andika siku ileile, mbele ya mtu, hata kama ni sarafu moja. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa hesabu iliyoandikwa Jumatatu kwa pesa iliyotumika Ijumaa, na hakuna aliyekuwa ameiba. La pili, vyeti. Chukueni, vitunzeni, siwalaumu. Lakini siku moja mtu aliye upande wa pili wa meza atakiweka kando cheti hicho na kukuuliza wewe binafsi ulifanya nini mwaka ule. Mwenye klabu tano hapo hutaja majina ya klabu tano, kisha hunyamaza.

Na kwa wale mlio katika mwezi wa nne au wa tano sasa, mnaosoma haya huku mkitafuta sababu ya kutokwenda leo jioni: nendeni. Mkifika na kukuta watu wanne tu, kaeni duara badala ya mistari, mmoja aandike kumbukumbu.

Daftari nimelirudisha kwa mwenyewe. Katika ukurasa wa mwisho ameorodhesha anayopaswa kumkabidhi katibu mpya: funguo ya kabati, muhuri, majalada mawili, na jina la mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye hukaa nyuma na hajawahi kusema. Mbele ya jina hilo ameandika, "Apangwe wiki ya pili."

Wameniomba nije siku hiyo kutunza muda. Nimekubali, na kengele nitakuja nayo. Huyo wa kidato cha kwanza nitampa sekunde chache za ziada kabla sijaigonga. Mjukuu wangu ataongea baada yake, na yeye nitamgongea dakika 8 kamili.

Wenu,
Babu, mwalimu mstaafu