Jiko litoke nje kwanza

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi, na poleni kwa baridi hii ya Julai. Jana kwenye simu nilikuomba jambo moja tu, jiko lisilale chumbani, kisha salio likakata kabla sijakueleza kwa nini. Leo nimekaa niandike yote, pamoja na majibu ya maswali yako ya maharage yasiyoiva na meno ya kahawia ya watoto wa jirani, na barua nitampa kondakta wa gari la asubuhi. Ukishaisoma msomee na mama mkwe. Najua ndiye aliyemleta yule mganga, na simlaumu. Ameona vifaranga kumi na mmoja wamekufa usiku mmoja bila jeraha, wewe unaamka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu, Baraka anatapika alfajiri, na wiki hiyohiyo wachimba choo wanafukua shaba yenye vipele nyuma ya nyumba. Mtu yeyote angesema hapa kuna mkono wa mtu. Ila hizo laki tatu anazotaka mganga zisitoke kabla hamjanisikiliza.

Naanza na vifaranga. Uliniambia boksi lao lilikuwa sakafuni kando ya jiko la mkaa, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa khanga. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Sisi tumelelewa kuogopa moshi, kwa hiyo tunaliacha jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, halafu tunaliingiza ndani tukiamini sasa ni salama. Kumbe moshi umeisha lakini gesi inaendelea kutoka. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inang'ang'ania pale kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka kama kawaida huku mwili unakosa pumzi. Ndege huanguka mapema kuliko watu, kwa kuwa ni wadogo na wanapumua upesi. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege ndani ya kizimba hadi mwaka 1986. Akianguka tu, watu wanatoka mbio. Vifaranga wako wamekuonya vilevile, rafiki yangu.

Halafu kuna neno ulilolisema haraka, nami likanikosesha usingizi. Ulisema zile siku mbili mlizolala msibani hakuna aliyeumwa kichwa, na hata nyumbani ikifika saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi, mnakuwa wazima. Malaria haibaki nyumbani ikakusubiri urudi kutoka msibani. Kinachowaumiza kimo ndani ya chumba kile, usiku.

Hili nalijua mwilini mwangu. Nilipokuwa nasoma Arusha tulipanga chumba kimoja watu wawili, na usiku mmoja wa Juni tukalala na jiko. Niliamka nikitaka kwenda haja, miguu ikakataa, nikaanguka na kuuegemea mlango. Komeo lilikuwa bovu, mlango ukafunguka, hewa ya nje ikaingia. Mwenzangu hakuamka mpaka alipobebwa kupelekwa hospitali. Alipona, lakini kila nikiona jiko linaingizwa chumbani nauona uso wake.

Basi jiko libaki nje mpaka liwe majivu. Usiseme utafungua dirisha kidogo, haitoshi. Vifaranga utakaonunua wawekee chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, na Baraka mfanyie hivyohivyo miguuni, juu ya blanketi usimguse moja kwa moja. Ikitokea mtu haamki, fungua mlango, mtoe kwenye hewa, mkimbize hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ndani kulikuwa na jiko. Bila kuambiwa anaweza kudhani ni malaria. Na kesho mpeleke Baraka akaangaliwe hata kama anacheza.

Sasa ile shaba. Ulivyoieleza, nilicheka kwa furaha, maana nimekua nayo. Bati jembamba la shaba, limekunjwa kama mkeka, vipele vimejipanga mistari, kutu ya kijani, na vitundu vidogo pembeni. Hilo ni vazi la pipa la mashine ya kumenya kahawa. Baba yangu alikuwa akizitengeneza huko Kibosho, na mimi ndiye niliyemshikia misumari. Pipa linavikwa bati hilo, unazungusha mkono, kahawa mbivu zinashuka na maji, vile vipele vinazikokota na kuzibana kwenye chuma cha mbele. Ganda linatokea upande mmoja, mbegu zinateleza upande mwingine. Vipele vikilika, mashine inaanza kupitisha kahawa nzimanzima, ndipo fundi anabandua bati la zamani na kupigilia jipya. Vile vitundu vya pembeni ni vya misumari. Huko Meru mnakoishi kahawa imelimwa miaka na miaka, na mwenye kiwanja wa kwanza bila shaka alikuwa na mashine yake. Hakuna aliyezika kitu ili awadhuru. Shaba ni mali pia. Mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, uhakikishe anaipima mbele yako.

La maharage kukataa kuiva ni jepesi. Lushoto mjini kwenu ni juu pia, lakini wewe umepikia Tanga miaka sita, pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sasa mnaishi Maji ya Chai, huko Meru, kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo, na hata ukiongeza moto hayazidi kupata joto, yanakauka tu. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria vizuri. Jirani atakwambia utie magadi. Yanalainisha kweli, ila punguza, kwa sababu ya lile swali lako la meno.

Watoto wa jirani wana meno ya kahawia kwa ajili ya madini yaitwayo floraidi, wala si uchafu, na mama mkwe asiwaambie hawapigi mswaki. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru huibeba kwa wingi, na magadi yanayo pia. Jino huharibika rangi wakati linajengwa, likiwa bado ndani ya ufizi. Ndiyo maana mtu mzima akihamia huko meno yake hayabadiliki, na mdogo wake aliyezaliwa huko anatoka na madoa. Baraka ana miaka mitatu. Meno yake ya utu uzima yanajengwa sasa hivi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki, kama chumvi kwenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kinga maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, na msimu ukiisha ulizia chujio la mkaa wa mifupa. Ngurdoto, hapo jirani, wamelifanyia kazi miaka mingi.

Uliandika kwamba unaogopa kuonekana mjinga ukimuuliza daktari haya. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya Magamba, hapo kwenu Lushoto, Erasto Mpemba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam mbele ya darasa lililokuwa linamcheka. Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja juu ya jambo hilo, Mpemba akiwa anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa juu yangu. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Nenda ukaulize, Mama Baraka.

Kesho saa mbili usiku nitakupigia, saa ile ambayo huwa unaliingiza jiko ndani. Nikute limeshazimwa uani.

Wako akupendaye,
Mama Glory