Msamiati wa kidato cha kwanza: jaribuni swali la kisiwani

Ndugu Mhariri,

Kila Januari sekondari za Mwanza hupokea wanafunzi wengi waliosoma msingi kwa Kiswahili na ambao sasa watafundishwa kwa Kiingereza. Wengi wao hupewa orodha ya maneno wainakili mara ishirini ishirini. Mkono unachoka, neno halikai. Ipo njia iliyopimwa na wanasaikolojia, na haihitaji zaidi ya ubao na saa.

Mwaka 2007 James Nairne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwataka watu wajione wamekwama kwenye mbuga ya nchi ya mbali, mikono mitupu, wakihitaji chakula, maji na kinga dhidi ya wanyama wakali kwa miezi kadhaa. Kisha wakaonyeshwa maneno, moja baada ya jingine, kila moja sekunde 5, na kila neno walipatie alama 1 hadi 5 kulingana na jinsi kitu hicho kingewafaa. Mtihani ulikuja bila taarifa. Walikumbuka maneno mengi kuliko waliopima kama neno linapendeza au waliofikiria kuhamia nchi ngeni. Majaribio ya mwaka uliofuata yalionyesha kuwa njia hii inashinda hata kukariri kwa makusudi.

Kwa watoto wa kandokando ya ziwa, kisiwa kinafaa kuliko mbuga. Mwalimu aseme: “Mtumbwi umekushusha kwenye kisiwa kisicho na watu, hautarudi kwa miezi mitatu. Kuna mamba, kiboko na chatu. Maji ya ziwa yapo, ila si salama bila kuchemshwa.” Tafadhali msitumie chombo kinachozama. Madarasani wamo watoto ambao familia zao zilipoteza ndugu kwenye MV Bukoba mwaka 1996 au MV Nyerere mwaka 2018, na isitoshe, hofu siyo inayofanya kazi hapa.

Kinachofanya kazi ni wingi wa matumizi. Wavu unavua samaki, unafunga mzigo, unatundikwa kama kitanda, unatega ndege. Kila tumizi ni njia nyingine ya kulifikia neno baadaye. Meike Kroneisen na Edgar Erdfelder walionyesha mwaka 2011 kwamba tatizo likipunguzwa likawa la kupata maji tu, faida hutoweka. Kwa hiyo msiulize “Kitakusaidia kupata maji?” Ulizeni “Kitakufaa kwa kazi gani?” na mwacheni mwanafunzi ajibu mwenyewe. Mwalimu akitaja matumizi yote, amewafanyia wao kazi ya akili.

Anzeni na maneno 20 ya vitu vinavyoshikika, ambayo maana yake imeshafundishwa, kwa kuwa asiyejua maana hana cha kupima. Sekunde 5 kwa neno ni chini ya dakika 2 kwa orodha nzima. Anayesoma polepole apewe 10. Wafanye hesabu za kichwa kwa dakika 2, kisha wafunge madaftari na kuandika kila wanalokumbuka. Maneno kama “riba” au “bunge” hayaingii kisiwani kirahisi. Yafundisheni kwa njia nyingine, msiyalazimishe.

Kuna kosa moja la kutarajia. Henry Otgaar na Tom Smeets waligundua mwaka 2010 kuwa njia hii huongeza pia kumbukumbu za uongo. Orodha ikiwa na wavu, ndoano na kasia, mwanafunzi anaweza kuandika “samaki” kwa uhakika kabisa ingawa hakuwamo. Kila jibu lilinganishwe na orodha siku hiyohiyo.

Tahajia na matamshi havirekebishwi na zoezi hili. Imla na kusoma kwa sauti viendelee kama kawaida. Baada ya wiki moja waulizeni tena maneno yaleyale bila kuwaonyesha orodha, na yaliyopotea yapelekwe kisiwani upya.

Walimu wa lugha,
Nyamagana, Mwanza