Vita vya Kagera vianzieni Mutukula, si Kampala

Mhariri,

Magari ya shule na ya watalii wa ndani husimama Lukaya, mji mdogo wa Uganda ulio kati ya Kampala na Masaka, watu wakanunua gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma, kisha safari ikaendelea. Inasikitisha, kwa sababu pale pale ndipo palipopiganwa mapigano makubwa ya vita vya 1978–1979 kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Nawaandikia wanaopanga kuizuru njia hiyo.

Kosa linalojirudia ni kuanza kutazama mara tu mnapotoka Kampala. Hapo mnaviona vita kinyumenyume, mwisho ukitangulia chanzo. Piteni moja kwa moja hadi Masaka, kilomita 130 hivi, mlale. Alfajiri mteremke Mutukula, mpakani na Tanzania, kupitia Kyotera, takriban kilomita 90 nyingine, kisha mgeuze gari. Sasa mnafuata nyayo za jeshi la Tanzania: Mutukula Januari 1979, Masaka 24 Februari, Lukaya 10 na 11 Machi, Kampala 11 Aprili.

Mwenye muda avuke hadi Kyaka, kama kilomita 30 ndani ya Tanzania, lilipo daraja la mto Kagera ambalo jeshi la Amin lililipua Novemba 1978. Beba hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari ya kadi ya njano ya COMESA uikate kabla ya kufika mpakani. Kamera ibaki mfukoni penye askari.

Masaka msikae sana. Saa nyingi zaidi wekeni Lukaya. Kuelekea Kampala, barabara inakuwa tuta refu katikati ya kinamasi cha mafunjo. Kifaru kikitoka kwenye tuta kinazama. Jioni ya 10 Machi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin na wanajeshi wake walipokuja na vifaru na roketi za aina ile raia waliyoiita saba saba, Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo wengi wake hawakuwa wazoefu wa vita, iliingiwa na hofu, ikatawanyika. Lakini tuta lilelile likawageuka Walibya na watu wa Amin. Brigedi ya 208, iliyokuwa karibu kilomita 60 kaskazini magharibi, iliamriwa kurudi na kuziba njia ya Kampala nyuma yao. Kulipopambazuka tarehe 11 wakashambuliwa mbele na nyuma, na pembeni ni maji. Mwalimu awasimamishe wanafunzi mwisho wa mji, wageukie upande wa Kampala, awaulize wao wangepitia wapi.

Lakini gari lisisimame juu ya tuta: malori huenda kasi na nafasi ya kuegesha hakuna. Egesheni mjini, mtembee. Epukeni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mei 2023 maji yalilikata daraja la mto Katonga kwenye barabara hii, magari yakalazimika kuzungukia Sembabule. Ukikuta chuma cha ajabu shambani usikiguse, hata kama kimeliwa na kutu. Waite polisi.

Mkitaka kuzungumza na wazee, na hilo ndilo lenye thamani kuliko yote, anzeni kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji. Halafu lugha. Sisi tunaokipenda Kiswahili husahau kwamba kwa wazee wengi wa Buddu, eneo hili la Masaka, kilikuwa lugha ya mwenye bunduki: kwenye kizuizi cha barabarani, usiku, mlangoni. Kijana akimwendea bibi wa miaka themanini kwa Kiswahili kikavu, bibi hufunga mdomo. Mpigie goti au uiname, useme "Wasuze otya nnyabo," salamu ya asubuhi ya Kiganda, umwache akujulie hali kwanza. Usimuulize nani aliuawa. Muulize walikimbilia wapi, walikula nini, walirudi lini. Akifika kwa bakomboozi, yaani wakombozi, kama walivyowaita Watanzania, huenda mwenyewe akaanza kutoa Kiswahili alichojifunza kwao. Hapo ndipo nawe umjibu kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Masaka